Neno Langu na Gari la Baba

Jumatatu, 27 Februari

Muhula umeanza, na mvua nayo imeanza. Mwalimu wa Kiingereza aliingia darasani na kopo la maziwa lililojaa vikaratasi. Kila mmoja wetu alichomoa kimoja. Neno ulilolipata ni lako mpaka siku ya kufunga shule. Utalichunguza limezaliwa wapi, limepita katika lugha zipi na limebeba nini njiani. Siku ya kufunga, wanne watakaochaguliwa watasimama mbele ya wazazi na kulieleza. Atakayeshinda atapewa kamusi mpya, ile nene yenye jalada gumu. Mwalimu pia ametaka tuandike shajara, hata kwa siku ambayo haina kitu.

Mimi nimepata "rehearse", yaani kufanya mazoezi ya jambo kabla ya siku yake. Jirani yangu wa dawati amepata "curfew". Huyu tunamwita Redio, kwa sababu ukimwambia jambo asubuhi, saa ya mapumziko limeshatangazwa. Alipoambiwa kwamba mwanzoni neno lake lilimaanisha "funika moto" kwa Kifaransa cha zamani, darasa zima lilicheka.

"Mwalimu, wamekusudia," alisema. "Wananitaka nifunike mdomo!"

Naitaka ile kamusi. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 28 Februari

Mvua. Viatu havijakauka.

Alhamisi, 2 Machi

Mwalimu aliniruhusu kusoma kamusi kubwa ya ofisini kwake, iliyopoteza jalada. Nimenakili hivi:

Waingereza walilichukua "rehearse" kutoka Kifaransa cha zamani, ambako lilimaanisha kupiga haro tena. Haro ni ile fremu ya meno ya chuma inayokokotwa juu ya shamba lililokwisha kulimwa, kuvunja mabonge ya udongo. Kwa Kifaransa haro ni "herse", na Kifaransa kilirithi kutoka Kilatini, "hirpex", reki kubwa ya meno. Wataalamu wanadhani hilo nalo lilitokana na neno la majirani wa Warumi la kumwita mbwa mwitu, kwa sababu ya meno yake. Mwalimu alinipigisha mstari chini ya "wanadhani".

"Usiwape watu dhana ukaiita habari," alisema.

Nilifurahi. Neno langu lina shamba, lina chuma, lina hata mnyama. Kisha nikaona chini yake imeandikwa: tazama pia "hearse". Nikafungua kurasa za nyuma.

"Hearse" ni ndugu yake, tumbo moja. Kulikuwa na fremu ya kushikia mishumaa juu ya jeneza, na kwa kuwa ilifanana na haro, ikaitwa haro. Baada ya miaka mingi jina likahama kutoka kwenye fremu likaenda kwenye gari. Sasa maana yake ni gari la maiti.

Nikafunga kamusi.

"Umepata?" Mwalimu aliuliza.

"Nimepata, Mwalimu."

"Yote?"

"Bado kidogo."

Hapa lazima nieleze. Shuleni nimesema baba yangu ni dereva wa kampuni. Si uongo. Ila kampuni ina gari moja, na gari lenyewe ni la maiti. Katika shule niliyosoma zamani, watoto walikuwa wakishika pua nikipita. Tulipohamia mtaa huu niliamua kwamba "dereva wa kampuni" inatosha.

Ijumaa, 3 Machi

Nimeamua. Nitaishia kwenye haro. Hakuna atakayejua kwamba neno lina ndugu.

Jumatano, 8 Machi

Hakuna kitu. Redio aliongea somo zima la hesabu, akatolewa nje, akaendelea kuongea dirishani.

Jumamosi, 11 Machi

Utingo wa Baba ameacha kazi, kwa hiyo Baba aliniomba nikamsaidie. Nilijua ana kawaida ya kupita njia siku moja kabla ya kila mazishi, gari likiwa tupu. Sikujua anafanyaje.

Huko nyuma kuna mabenchi mawili ya wafiwa, moja kila upande, na katikati ndipo jeneza hukaa. Baba aliweka pale katikati beseni jeupe la bati, akalijaza maji mpaka kwenye mstari wa bluu unaozunguka ndani.

"Ukiona yamemwagika, sema 'hapo'. Usiseme neno lingine, nisije nikachanganyikiwa."

Tukaondoka. Kila niliposema "hapo" alisimama, akashuka, akatazama. Shimo likiwa dogo, alilijaza mawe kwa mikono yake. Likiwa kubwa, alirudi nyuma na kutafuta upande mwingine wa barabara. Halafu tulipita tena. Penye mlima tulipita mara nyingi hadi nikahisi kichefuchefu.

"Baba, maiti si hawasikii?"

"Wa katikati hasikii. Wa kwenye mabenchi wanasikia." Alibadili gia. "Mwaka wangu wa kwanza, jeneza liliteleza likagonga ubavu wa gari. Mjane alikuwa amekaa hapo ulipokaa wewe. Hakulia. Alinyoosha mkono akalishika, kama unavyomshika mtoto asianguke kitandani. Akalishika hivyo hadi makaburini."

Tulipokaribia shule niliinama chini ya dirisha. Baba alikuwa akiniona kwenye kioo. Tulipofika nyumbani alizima injini.

"Shingo itakuuma," alisema.

Ijumaa, 17 Machi

Mvua wiki nzima. Mama anashona sare za watu karibu na dirisha ili asiwashe taa mchana. Baba anatazama mawingu kama mkulima, lakini kwa sababu zake.

Jumamosi, 25 Machi

Nitaandika kwa utaratibu, tangu mwanzo.

Kesho kuna mazishi mwisho wa barabara inayopita nyuma ya kinu cha unga. Katikati ya barabara hiyo kuna kalvati, daraja dogo la saruji juu ya mfereji, na ukingo wake umeliwa na maji. Tulipoipanda, beseni likarushwa, likamwaga nusu nzima mapajani mwangu.

"Hapo!"

Baba alirudi nyuma, akajaribu kushoto. "Hapo!" Akajaribu kulia. "Hapo!" Akasimama, injini ikiunguruma, akashuka kupima kwa fimbo yake. Tulikuwa tumesimama mbele ya geti la kijani. Sikujua la nani.

Mwanamke mmoja alikuwa anarudi kutoka dukani. Alipoona gari la maiti mbele ya geti lile, mfuko ulimtoka mkononi, akapiga yowe: "Mama! Mama yangu jamani! Hamkunisubiri!" Akajitupa kwenye tope. Majirani wakatoka mbio. Wengine walikuwa wameshaanza kulia kabla hawajafika. Mzee mmoja alivua kofia. Mtu akaanza kuuliza mazishi ni lini.

Baba alijitahidi kusema, "Sikilizeni, sikilizeni jamani," lakini nani asikilize?

Kisha dirisha la nyumba ile likafunguliwa, na sauti ya bibi mzee ikatoka, nyembamba, lakini kila mtu aliisikia:

"Nani kafa?"

Aliyekuwa kwenye tope akainua kichwa.

"Nauliza, nani kafa? Mbona hamsemi?"

Getini akatoka mwanaume mrefu, mtoto wa yule bibi. "Nani amekuita wewe?"

"Hakuna, ndugu yangu. Najaribu njia. Mazishi ni kule juu, kesho."

"Unajaribu njia mlangoni kwangu? Nina mgonjwa ndani! Nimekuona dirishani, mara tatu umepita, ya tatu umesimama. Unatuchuria kifo!"

"Nisamehe, kaka. Sikujua kama kuna mgonjwa."

"Utajuaje na wewe kazi yako ni kunyemelea?"

Na wakati huo mlango wa nyuma wa gari ukafunguliwa. Aliyeufungua alikuwa Redio. Lile geti ni la kwao, yule bibi ni bibi yake, na yule mwanaume mrefu ni mjomba wake. Alinikuta nimelipakata beseni lisimwagike lote, sketi imelowa.

"Wewe?" alisema. Hakuongeza neno. Afadhali angeongeza.

Jumapili, 26 Machi

Baba amewazikia watu wa kule juu kwa kuzunguka njia ya mbali.

Jumatatu, 27 Machi

Redio amehama dawati. Kabla ya mapumziko shule nzima ilishajua. Watatu walishika pua. Kuna kijana mdogo wa mwili tunayemwita Kiroboto, ambaye neno lake ni "companion", yeye alinipigia saluti na kusema, "Shikamoo marehemu." Darasa lilicheka, na nadhani hata mimi ningecheka kama ningekuwa mwingine.

Sikulia. Nilipiga mistari kwenye daftari mpaka kengele.

Alhamisi, 30 Machi

Yule mjomba wa Redio alikwenda kwa bosi wa Baba kulalamika. Bosi amechukua funguo. Amesema Baba akae nyumbani mpaka familia ile iseme imeridhika, na ikifika siku ya kufunga shule haijasema, atatafuta dereva mwingine.

Mama alisimamisha cherehani. "Nilikwambia, mume wangu. Madereva wenzako wote wanabeba na kuzika. Wewe peke yako unazika mara mbili."

"Sijui kuifanya kwa njia nyingine."

"Basi jifunze!"

Baba alikwenda uani akasafisha beseni, ingawa lilikuwa safi.

Wiki zilizopita nilimwonea aibu. Leo nilimtazama akizungusha kitambaa kwenye ule mstari wa bluu, na aibu sikuipata. Niliitafuta, kwa kweli, maana nilikuwa nimeizoea.

Jumamosi, 1 Aprili

Nilimwomba Mama ruhusa niende kumwangalia mgonjwa wa kina Redio. Alikata uzi kwa meno. "Nenda. Salamu haijawahi kumuua mtu. Lakini usimwambie baba yako mpaka urudi."

Nilichukua beseni.

Redio alifungua geti kidogo tu. "Umekuja na gari?"

"Nimekuja na beseni."

"Mjomba yupo."

"Basi nitamwamkia."

Kutoka ndani bibi akaita, "Nani huyo? Kama ni yule wa nyuma ya gari, mleteni!"

Chumba kilikuwa na kitanda, kiti na dirisha lile. Bibi alikuwa mdogo kuliko sauti yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Karibu, maiti mwenzangu. Kaa."

Redio alijiziba mdomo. Mimi nilikaa kwenye kiti, beseni magotini.

"Nimeliliwa nikiwa hai," bibi alisema. "Si haba. Nimejua nani analia kweli na nani anauliza saa ya chakula. Sasa niambie, mlikuwa mkifanya nini?"

Nilimweleza. Alitaka kuona, kwa hiyo Redio alileta maji, tukajaza hadi kwenye mstari, na nikabeba beseni kuzunguka kitanda. Kwenye kona nilimwaga.

"Hapo," nilisema.

"Rudia." Nilirudia, nikamwaga kidogo. "Tena." Safari ya tatu halikumwagika tone. Bibi aligonga ubao wa kitanda kwa furaha.

"Hayo mnafundishwa shule?"

"Hapana bibi. Shuleni nimepewa neno." Nikamweleza neno langu, Ufaransa na Roma, na haro. Nilikusudia kuishia hapo kama nilivyopanga. Lakini nilikuwa nimekaa mbele ya mtu aliyekwisha kuliliwa, sikuona sababu ya kuficha. Nikamwambia na yule ndugu wa neno.

Bibi alifikiri. "Haro naijua. Tulikuwa tukiazima ng'ombe kwa ajili yake. Watu wote wanapenda kulima, kwa sababu ukilima jirani anaona. Kupiga haro hakuna anayekusifu." Akageuka mlangoni. Mjomba alikuwa amesimama pale, sijui tangu saa ngapi. "Wewe nilikubeba tumboni kupita kalvati hiyo hiyo, juu ya mkokoteni. Nilitikiswa mpaka nikadhani nitakuacha njiani. Sitaki kutoka nyumba hii kwa mtikiso ule."

"Mama, usiseme maneno hayo."

"Nisiposema mimi utasema wewe? Nenda kwa huyo bosi. Mwambie mzee wa watu arudishiwe funguo zake."

Mjomba alinitazama, akatazama maji sakafuni. "Futa hayo kabla hujaondoka," aliniambia.

Nilifuta. Redio alinisaidia bila kusema kitu. Nadhani ni mara ya kwanza redio ile kuzimwa.

Jumanne, 4 Aprili

Funguo zimerudi. Mjomba alikwenda mwenyewe. Hakuomba radhi, alisema tu, "Mama amesema." Baba ananiuliza nilifanya nini. Nimemwambia nilimwaga maji.

Alhamisi, 6 Aprili

Redio amerudisha mkoba wake kwenye dawati letu. Hajaeleza, sijauliza. Baadaye aliniambia kwamba bibi yake zamani alikuwa akifunika makaa kwa majivu usiku ili asubuhi moto uwepo, na kwamba Mwalimu amefurahi sana kusikia, maana neno lake linatokana na amri ya kufunika moto hivyo hivyo kila jioni. Aliongea mpaka akatolewa nje.

Jumatano, 12 Aprili

Mvua kubwa. Shule ilifungwa saa nne.

Ijumaa, 14 Aprili

Wanne wametajwa: mimi, Redio, Kiroboto na mmoja wa mkondo mwingine wa darasa letu. Mwalimu alinirudishia karatasi yangu. Chini ameandika: "Neno lako halijaisha."

"Najua, Mwalimu," nilisema.

Jumatano, 19 Aprili

Redio hakuja shule. Jioni mjomba wake alibisha hodi nyumbani kwetu. Mvua ilikuwa inamchuruzika, hakutaka kuingia.

"Mama ametutoka alfajiri," alimwambia Baba. "Ameacha ameagiza ni wewe utakayembeba. Na amesema upite kwanza."

Baba alimpa mkono wa pole. Wakasimama hivyo mlangoni, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuachia.

Alhamisi, 20 Aprili

Mazishi ni Jumamosi, lakini kesho ni siku ya kufunga, kwa hiyo baada ya shule tulipita njia mapema. Safari hii tuliposimama kwenye geti la kijani hakuna aliyepiga kelele. Redio alitoka, akapanda nyuma, akakaa kwenye benchi la pili.

"Nifanye nini?"

"Yakimwagika sema 'hapo'. Usiseme neno lingine."

"Neno moja tu?"

"Moja tu."

Alijaribu kutabasamu.

Kalvati ilikuwa imeharibika zaidi. Baba na mjomba walivua viatu, wakashuka kwenye mfereji na kupanga mawe na magunia ya mchanga. Sisi tulingoja ndani ya gari. Redio akasema, "Nisomee hotuba yako. Kesho sitakuwepo."

Nilimsomea. Nilipofika kwenye haro nikanyamaza.

"Na ile uliyomwambia bibi?"

"Sijui kama nitaweza."

"Sema hapa kwanza. Si ndiyo maana ya neno lako?"

Nikasema. Sauti ilikwama. Akasema, "Rudia." Nikarudia, ikakwama mahali pale pale. "Tena." Alisema kwa sauti ya bibi yake kabisa, na akaanza kulia, na mimi nikasema yote mpaka mwisho huku analia, kwa sababu nilihisi nikinyamaza itakuwa vibaya zaidi.

Kisha Baba alipanda na kuwasha gari. Tulivuka polepole. Mara ya kwanza maji yalimwagika kidogo, wakaongeza magunia. Mara ya pili yalitikisika tu.

Ijumaa, 21 Aprili

Siku ya kufunga. Ukumbi ulijaa. Baba alikuja na koti lake jeusi la kazi, akasimama nyuma kabisa. Gari aliliegesha kwenye uzio, madirisha yote yalikuwa yanaliona. Jana usiku nilikuwa nimemwambia alilete.

Nilieleza shamba, reki, na mbwa mwitu, nikasema "wanadhani". Kisha nikasema neno langu lina ndugu, na ndugu huyo ni gari la maiti, kama lile pale nje. Nikasema linaendeshwa na baba yangu, na kwamba hupita njia siku moja kabla, kuvunja mabonge. Sauti haikukwama. Mtu mmoja alicheka mwanzoni, akaacha. Sikumtazama Baba, kwa kuwa nilijua nikimtazama nitasahau Kilatini.

Kiroboto aliuleta mkate mzima jukwaani, akaumega na kuwapa wazazi wa mstari wa mbele, akasema "companion" ni mtu mnayekula naye mkate. Watu walishangilia hadi mabati yakalia. Kamusi ameipata yeye, na ni haki yake. Niliitamani, sitasema sikuitamani. Aliniletea kipande cha mkate kilichobaki. Hakunipigia saluti.

Mwalimu alinirudishia karatasi yangu. "Sasa limeisha," alisema.

Jumamosi, 22 Aprili

Mvua ilikatika asubuhi. Nilikuwa nimesimama na Mama kando ya barabara wakati jeneza linapakiwa, lakini Redio alinishika mkono akanivuta ndani, tukakaa benchi moja. Mbele yetu alikaa mama mkubwa wake, yule aliyejitupa kwenye tope. Alikuwa anamsimulia dada yake jinsi bibi alivyouliza nani kafa, analia na kucheka kwa pamoja.

Baba aliendesha kama mtu anayebeba beseni.

Nilijua kalvati inakaribia kwa sababu ya kinu cha unga. Nilishika ukingo wa benchi. Mama mkubwa aliendelea na hadithi yake, hakukata hata neno. Jeneza halikusogea. Hakuna aliyeangalia nje, hakuna aliyejua kwamba tumevuka.

Redio aliinamia sikio langu.

"Hapo," alininong'oneza.